Aliyetoka Kikaoni

Aliuona mkono wake wa kulia ukipanda, ukakuna pua, ukarudi kutulia juu ya ajenda. Kukuna hakukuwa ajabu. Ajabu ni kwamba yeye hakuwa amewashwa.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana, katika kikao cha kujadili namna ya kupunguza vikao. Feni ya chumba cha mikutano cha Idara ya Vibali ilizunguka kwa kusitasita, kama inayosubiri idhini, na mkurugenzi alikuwa kwenye kipengele cha nne kati ya kumi na kimoja. Karani wa kupokea barua, ambaye idara nzima ilimwita Muhuri kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kugonga neno IMEPOKELEWA kwenye kila karatasi iliyoletwa na mtu mwenye shida, alikuwa amefanya alichozoea kufanya vikaoni. Alikuwa ameuacha mwili kitini, macho wazi, kidevu kiganjani, mwenyewe akaenda zake.

Hakuwa na pa kwenda hasa. Alitangatanga tu, huku na kule, mbali na sauti ya mkurugenzi. Ufundi huo alijivunia. "Serikali imeajiri kiwiliwili changu," aliwahi kumwambia mkewe. "Akili ni yangu, siiweki kwenye daftari la mahudhurio." Mwili aliuona kama punda wa kumfikisha kazini, tena punda mbovu: mgongo unaouma, jino la nyuma lililotoboka, tumbo lenye maoni juu ya kila kitu.

Siku hiyo alikwenda mbali mno. Aliporudi na kutaka kuingia, alikwama, kama mtu anayevuta mlango wa choo akasikia kikohozi ndani.

"Pana mtu," sauti ikasema kwa adabu, kutoka ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Wewe nani? Toka! Toka hapo sasa hivi!"

"Nimekuta kitupu."

Hapo ndipo mkurugenzi alipoinua macho. "Bwana Muhuri, una mchango wowote?"

Kwa miaka kumi na tisa jibu lilikuwa "Hapana, mheshimiwa." Mwili ukasimama, ukasafisha koo, ukatoa mchango. Ilikuwa mitatu, na yote ya maana. Wajumbe wakapiga makofi, naye Muhuri wa kweli, aliyekuwa akining'inia hapo karibu na feni bila mikono ya kuzibia masikio wala masikio ya kuzibwa, akapatwa na hasira ambayo hajawahi kuipata.

Saa kumi mwili ukaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Taa ya kijani ikawaka. Mashine haikuuliza mwenye kidole yuko wapi. Haikuwahi kuuliza.

Aliufuata mwili wake hadi nyumbani, akiutukana njia nzima. Mkewe alikuwa sebuleni akishona sare za shule, vitambaa vya buluu vimejaa kochi lote. Binti yao wa miaka saba, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama yake ya shavuni, alikuwa chini akiokota vifungo.

"Umeshindaje, Mama Kidoti?" mwili ukauliza, ukavuta kigoda, ukakaa kungoja jibu.

Mashine ya kushonea ikasimama.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, bwana."

"Basi umefanya nini, Baba Kidoti? Sema tu nisikie kutoka kwako kabla sijasikia kwa watu."

"Nimeuliza tu umeshindaje."

Kidoti akacheka. Mama yake hakucheka, lakini alijibu, na mwili ulisikiliza hadi mwisho, pamoja na ile sehemu ndefu ya mteja aliyekataa suruali kwa sababu mtoto amenenepa. Wakati wa kula, jino bovu liliuma, na yule wa ndani akafumba macho kama mtu aliyeonja asali.

"Unafurahia nini, mwehu wewe?" Muhuri akamfokea.

"Maumivu," yule akajibu kimyakimya. "Nimezunguka dunia hii tangu kabla ya barabara, na hakuna kitu kilichowahi kuniuma. Hujui ulichokuwa nacho."

"Nirudishie!"

"Ulisema mwenyewe, akili ni yako. Nimekuachia yote. Mimi nimechukua kiwiliwili tu."

Wiki ya kwanza walibishana kila asubuhi mbele ya kioo, mwili ukinyoa ndevu. Muhuri alikuwa na hoja moja aliyoiamini kuliko zote: mtu ni yule anayejua kuwa ni yeye, na mwili ni nguo.

"Sawa," yule akasema siku ya tano, wembe ukiwa shavuni. "Thibitisha. Kidoti alizaliwa siku gani?"

Muhuri akafungua kinywa ambacho hakuwa nacho. Alikwenda kulichukua jibu mahali lilipokaa siku zote, na mahali penyewe hapakuwepo. Akatafuta sura ya mama yake. Akatafuta njia ya kwenda shule aliyosoma. Kulikuwa na ukungu, na katikati ya ukungu ule hapakuwa na kitu.

"Ilikuwa Jumanne," yule akasema polepole, macho yakimlenga kwenye kioo. "Mvua ilikuwa inanyesha. Vimo humu, kaka. Vyote vimo humu, kwenye hii nyama uliyoiita punda. Ulitoka bila mzigo hata mmoja."

"Mwizi! Mwizi mkubwa we!"

"Na jina lako je, unalikumbuka?"

Hakulikumbuka.

Lakini kilichomtisha zaidi kilikuja wiki ya tatu. Alimkaribia yule kwenye kioo na matusi yake mapya, akamkuta anajinyoa huku akiimba kwa pua, hasikii. Akapiga kelele. Hasikii. Yule wa ndani, jini aliyezunguka siku zote bila mwili, alikuwa amekaa na kumbukumbu za karani muda mrefu hata zikamwenea. Utoto wa karani ukawa utoto wake, woga wa karani ukawa woga wake, na kule kuzunguka kwake tangu kabla ya barabara kukamtoka taratibu kama ndoto inavyomtoka mtu akishaanza kupiga mswaki. Mle ndani hapakuwa tena na jini anayejua kuwa ni jini. Palikuwa na mtu mmoja, mume wa mtu, mwenye jino bovu. Muhuri akawa hana hata adui wa kugombana naye.

Alibaki na kitu kimoja tu, hasira. Na hasira hiyo ilikuwa tofauti na ile ya zamani. Zamani ilikuwa na kifua cha kuijaza, ikajaa, ikaisha. Sauti ilikauka, mishipa ililegea, mtu akalala. Hii haikuwa na kifua. Hakuna kilichoizuia kukua, na hakuna kilichochoka. Siku moja mchana ikakielekea kikombe kilichokuwa ukingoni mwa meza, na kikombe kikaanguka.

Akakitazama. Halafu akajaribu sahani.

Nyumba ikaanza kunuka waya unaoungua. Fundi umeme aliitwa, akafungua kila swichi, akanusa, akafunga. "Waya zenu nzima, mama. Hiki kinachoungua si changu," akasema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja, hata ngazi akairudia kesho yake. Kabati likawa linajibamiza saa sita mchana, jua likiwaka. Mkanda wa mashine ya kushonea ulikatika mara tatu ndani ya wiki. Sare ishirini na mbili zilizokunjwa vizuri zilikutwa zimechanwa, zote kifuani, mahali pamoja.

Kidoti akaacha kwenda jikoni peke yake.

"Mama," alinong'ona, ameshika sketi ya mama yake kwa mikono miwili. "Kuna mtu amekasirika jikoni."

"Nani?"

"Simjui. Lakini ananijua."

Jumamosi, saa nne asubuhi, akaja Bibi wa Mafusho, mganga wa kufukuza majini. Hakufanya kazi usiku. "Usiku nalala," alisema. "Na wao wanajua." Alivaa miwani ya kusomea, akabeba chetezo ndani ya mkoba wa ngozi, na kabla ya kuwasha chochote alitoa cheti chake cha kusajiliwa akakilaza mezani, halafu fomu ya nakala mbili.

"Jina la mwenye nyumba. Idadi ya wakaazi. Jini ameingia lini, kwa tarakimu. Ana madhara kwa mali, kwa watu, au vyote? Weka alama ya vema."

"Bibi, kweli jini ana fomu?" mke akauliza.

"Jini hana. Wizara inayo. Zamani nilikuwa nafukuza tu, sasa nafukuza na kuripoti kila robo mwaka. Vyote, eh? Vema hapo."

Akawasha makaa, na moshi mzito mtamu ukatambaa chini ya kochi. Mwili wa Muhuri uliketi, Kidoti mapajani.

"Uliye ndani ya mwili huu," Bibi akasema kwa sauti ya chini, "wewe ni nani?"

Mwili ukataja majina yote matatu, kwa mpangilio wa kwenye kitambulisho. Ukataja Jumanne ile na mvua yake. Ukataja kovu la goti na mbwa aliyelisababisha. Machozi yalikuwa yanaushuka, machozi ya kweli ya mtu aliyeogopa. "Mimi ni mimi, Bibi. Niwe nani tena?"

"Na wewe uliye nje, unayevunja vyombo vya watu. Wewe ni nani?"

Muhuri akajitafuta, akapita ukunguni mbio, akipapasa jina, akipapasa sura, akipapasa hata kitu kidogo cha kumpa yule mwanamke mwenye miwani, namba ya ofisi, rangi ya mlango, kipande chochote kile kisichokuwa ndani ya kichwa kile alichokuwa akikiangalia kutoka nje, na kila alipogusa hapakuwa na kitu ila ile hasira, na kadiri alivyokosa ndivyo ilivyopanda, ikashika meza, ikashika mashine ya kushonea, ikashika madirisha yote manne kwa mpigo hata vioo vikaanza kulia ndani ya fremu zake, na Kidoti akaficha uso kifuani mwa baba yake, na mlango wa kabati ukajibamiza, ukajibamiza, ukajibamiza.

Kisha kikombe kikawekwa mezani. Hakikurushwa. Kiliwekwa kwa kishindo kifupi, kama anavyokiweka mtu aliyeulizwa swali ambalo hataki kulijibu.

Mke akainua kichwa.

"Bibi, ngoja."

Mganga akasimamisha chetezo.

"Huyu wa nje," mke akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. "Huyu ndiye mume wangu."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimeishi na hasira hii miaka kumi na mmoja. Naijua kuliko mashine yangu."

Hasira ikatulia. Vioo vikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu kikao kile, Muhuri alihisi kitu kingine, na hakujua kinaitwaje, kwa sababu jina lake nalo lilikuwa limebaki mwilini.

"Basi kazi inageuka," Bibi akasema, akivua miwani. "Namtoa aliye ndani, namrudisha wa nje. Naweza. Fomu ni ileile."

"Mama Kidoti," mwili ukasema, umempakata mtoto, "mnazungumza nini? Mimi niko hapa."

Mke akamwangalia huyo. Halafu akageukia upande wa jikoni, mahali pasipo na mtu.

"Miaka kumi na mmoja nimekula na koti," akasema. Hakupaza sauti. "Nazungumza na koti limetundikwa kitini. Nimezika mama yangu, koti limesimama kando yangu, macho wazi. Nakuuliza jambo, unaweka kikombe. Nilidhani labda ndivyo ulivyoumbwa. Kumbe ulikuwa unatoka! Kila siku ulikuwa unatoka, mwenyewe, unatuachia nguo hapa tuizungumzishe! Hakuna aliyekufukuza. Leo umekuta mlango umefungwa ndiyo unavunja vyombo vyangu? Unachana kazi yangu? Unamtisha mtoto?"



"Huyu," mke akanyoosha kidole nyuma yake bila kugeuka, "sijui alitoka wapi na sitaki kujua. Nikimwita, yumo."

Akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Endelea, Bibi."

"Nimwandike nani?" Kalamu ya mganga ilikuwa juu ya karatasi. "Maana huku chini nasaini mimi."

"Andika jini."

Bibi akaandika, akatenganisha nakala, akampa yake. Kisha akamwaga mafusho yote yaliyobaki juu ya makaa.

Moshi ulimsukuma Muhuri hadi dirishani, ukampitisha kwenye upenyo mwembamba kuliko wembe, ukamwacha barabarani kwenye jua kali la saa tano. Nyuma yake mashine ya kushonea ilianza kulia tena. Watu walipita na vikapu, na baiskeli, na watoto mikononi. Alijaribu kukumbuka nyumba ipi, na mwanamke gani, na kwa kosa lipi. Hakukumbuka anamkasirikia nani.

Kwa hiyo akaanza na aliyekuwa karibu.