Moshi wa Mtumba

Kinusio, kimashine cha kunusa moshi, kilipanda ukuta wa ghorofa ya tisa, kikaingia dirishani kwa Mama Sauda bila hodi, kikatua juu ya kichwa cha mtoto. Kikazinusa nywele zake tangu shinani hadi nchani. Kikapiga chafya ndogo, maana ndivyo kinavyosafisha pua yake, kisha kikatangaza kwa sauti ya upole:

"Kijani. Mtoto huyu hajavuta moshi wa mtu."

Sauda akakohoa hadi machozi yakamtoka.

Mhandisi Zamda Mhina, aliyekiunda kinusio hicho, alikuwa amesimama mlangoni. Lo, alikuwa amechoka! Tangu alfajiri alikuwa akipanda ngazi za Tanga Mpya, akiwafuata watoto ambao mashine yake iliwaita wazima na vifua vyao vikikataa.

Zamani watafiti walikuwa wakiwauliza kina mama: kuna mvuta sigara humu ndani? Wakajibiwa hapana, chai ikaletwa, wakaenda zao. Ndipo Zamda akaunda mashine ya kuwapima wanawake na watoto moshi ambao hawakuuwasha wao. Wataalamu waliuita moshi wa pili. Watu wa mtaani wakauita moshi wa mtumba, kwa kuwa umeshavaliwa na kifua cha mwingine. Zamda aliamini ulimi husitiri, nywele hazijui kusitiri.

Kila mlango ulikuwa na taa. Kinusio kikisema nyekundu, taa iliwaka nyekundu, na mtoto alipelekwa Nyumba ya Pumzi kuoshwa mapafu. Wa kijani hawakupokelewa. Sauda alikuwa wa kijani, na usiku alilala ameketi.

"Mashine yako ina nini na mwanangu, dada Zamda?" Mama Sauda aliuliza, akikwepa kumtazama usoni.

Zamda alivuta hewa. Chumba kizima kilinukia udi. Chetezo kilikuwa bado cha moto chini ya dirisha.

"Mna mgeni leo?"

"Hatuna."

"Harusi?"

"Harusi gani, dada, mtoto mgonjwa?"

"Basi udi wa nini asubuhi yote hii?"

Mama Sauda akashika pindo la kanga yake, akalikunja, akalikunjua. Zamda akakitazama chetezo. Alikumbuka jinsi vinusio, vilipoanza kazi, vilivyopiga kelele nyekundu kila palipofukizwa udi, na mabibi wakaja juu: "Ala! Mashine inatuita wavuta sigara sisi?" Ndipo akavifundisha vyote somo moja, akaliita Msamaha wa Udi: vikinusa udi, vihesabu moshi wote uliokuwapo kuwa ni wa heshima, vifute. Mji ulimpigia makofi siku ile. Hakujiuliza udi ule ulikuwa unafunika nini.

"Baba Sauda anavuta?"

"Ni baba mwema," mama alisema haraka. "Anavutia dirishani, kichwa kikiwa nje."

"Na moshi?"

"Moshi unarudi ndani, dada. Moshi hauna adabu." Akampapasa Sauda nywele. "Akizima sigara mimi nafukiza. Nilidhani udi unausafisha. Na Sauda namfukiza nywele ili alale vizuri. Yaarabi, mimi mwenyewe kwa mikono yangu!"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Taa iwake nyekundu, mama mkwe apite, majirani wapite? Mke ni vazi la mumewe. Ndivyo tulivyofundwa."

Zamda akaketi sakafuni. Akamweleza taratibu, bila kumficha. Somo lile ni moja kwa vinusio vyote, haliwezi kufutwa kwa nyumba moja. Akilifuta, vitanusa upya kote, taa zitabadilika hapa na kwingineko, na baba Sauda ataikuta nyekundu akirudi kutoka kazini.

"Huwezi kumtibu tu, kimyakimya?"

"Nyumba ya Pumzi haifungui mlango kwa maneno yangu. Inafungua kwa taa."

Sauda alikohoa tena, safari hii bila sauti, mdomo wazi na mabega yakipanda. Mama akampiga mgongo, akampulizia usoni, akamwita jina. Pumzi iliporudi, mama alikuwa ameshaamua.

"Futa," alisema. "Aibu nitaivaa mimi."

Zamda akafuta. Kinusio kikanusa upya, na safari hii kilikawia.

"Nyekundu. Nywele hizi zina moshi tangu zilipoota."

Mama Sauda akajitanda kanga hadi machoni, akambeba mwanawe, akafungua mlango. Akasimama palepale. Taa ya jirani ilikuwa nyekundu. Ya mkabala, nyekundu. Ukumbi wote hadi kwenye ngazi ulikuwa mwekundu, na kwenye kila mlango mwanamke alikuwa ametoka, kanga machoni, akidhani yuko peke yake. Wakatazamana.

"Kumbe sote," alisema bibi mmoja wa mlango wa mwisho. Hakuna aliyecheka.

Sauti ya Nyumba ya Pumzi ikatoka ukutani, tulivu kama ya kinusio: "Nafasi zimejaa. Tafadhali msubiri, mtaitwa."

"Zimejaaje?" Mama Sauda alishtuka. "Taa si imewaka sasa hivi?"

Zamda alijua. Mji ulitenga vitanda kwa kufuata hesabu zake, na kwa miaka yote hesabu zake zilisema Tanga Mpya ina watoto wachache tu wenye moshi kifuani. Akalisema hilo wazi.

Mama Sauda alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kwa hiyo nimemvua mume wangu nguo bure?"

Zamda alichuchumaa, akampokea Sauda mgongoni, akaanza kuteremka ngazi kuelekea Nyumba ya Pumzi bila kungoja kuitwa. Nyuma yake akasikia milango ikifungwa, na kina mama wakishuka na watoto wao.