Mshipa Mrefu wa Figo ya Kushoto

Katika nyumba ile asubuhi ilianza kwa kelele za mabomba. Baba alikuwa fundi bomba. Binti yake mkubwa, aliyebandikwa jina la Spana, alifanya kazi naye. Kijana wa mwisho ndiye ambaye hakuweza kuinua hata ndoo. Figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa kazi, hata mkojo haukumtoka tena. Aliishi kwa mashine ya kusafisha damu, na kila akitoka hospitali alirudi hoi bin taabani.

Spana akapimwa. Alifaa kumpa mdogo wake figo moja. Daktari akachagua ya kushoto.

Baba akaja juu.

"Kushoto hapana! Huko ndiko kwenye moyo. Halafu nasikia mshipa wa huko ni mrefu. Bomba refu huvuja! Watoe ya kulia, la sivyo hakuna cha kutoa."

"Baba, nakuheshimu. Lakini figo ni yangu, na mdogo wangu simwachi afe."

"Unanijibu?"

"Leo nakujibu. Twende kwa Sista, ukamwambie na yeye."

Sista, muuguzi wa kliniki ya figo, aliwachorea picha.

"Mzee wangu, moyo uko kifuani. Figo ziko chini yake, upande wa mgongoni. Kila figo ina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Ule wa kuitoa humwaga damu kwenye mshipa mkuu unaoirudisha moyoni. Mshipa mkuu huo umekaa upande wa kulia."

"Kwa hiyo figo ya kulia ni jirani yake," Spana alisema.

"Ndiyo, mshipa wake ni mfupi. Ule wa kushoto lazima uvuke. Hupita mbele ya mshipa mwingine mkubwa, unaoteremsha damu kutoka moyoni. Ndiyo maana ni mrefu."

"Na huo urefu ndio ninaoukataa!" Baba alisema.

Spana alikuwa amechoka kubembeleza. "Baba, nilipokata bomba usawa wa ukuta, ulinifokea nini?"

Baba akakuna kichwa. "Kwamba hukuacha pa kuungia."

"Sasa daktari ataungia wapi?"

Sista akacheka. "Umenimalizia kazi. Mara nyingi ya kushoto huchaguliwa kwa sababu hiyo. Si kwa kila mtu. Daktari hutazama kwanza picha za mishipa. Na mtu aliyepimwa akafaa huweza kuishi vizuri na figo moja, mradi asikose kliniki."

"Haya," Baba alisema. "Mbishi nimemlea mwenyewe."

Siku moja baada ya upasuaji, Baba aliingia wodini. Spana alikuwa ameketi, anakunywa maji. Kwenye kitanda cha pili alilala mdogo wake, na kando yake ulining'inia mfuko uliojaa mkojo. Baba akauangalia mpaka machozi yakamtoka.

"Anakojoa!" akapaza sauti. "Mwanangu anakojoa!"

"Baba, polepole. Wodi nzima inasikia."

"Waache wasikie!"