Leso ya Kijani

— Kumi na mbili. Nane. Ishirini na tisa. Tano.

Ihsan alizitoa nambari kama mtoto wa chuo cha Kurani, macho kayafumba. Yeye na mchumba wake Salme walikuwa benchini kwenye zahanati moja ya Likoni, wakimngoja daktari wa mabaharia. Bila cheti cha afya hakuna meli, na bila meli babake Salme alishasema hakuna nikaha.

Munga, rafikiye Ihsan, ndiye aliyempelekea picha za kitabu cha kupimia macho, cha madoa ya rangi, ambamo mwenye macho mazima huona nambari katikati ya madoa. Salme akashika simu, akaanza upya, akairuka picha ya pili.

— Na hii?

— Nane.

Salme aliona ishirini na tisa, nene kama mkono. Akainamia leso aliyojifunga. Siku ya posa Ihsan alimpa akisema, "Nimekutafutia kijani uipendayo." Ilikuwa nyekundu ya damu. Salme alidhani anataniwa, akashukuru, akavaa.

— Ihsan, wewe rangi huzioni.

— Taratibu, watu watasikia.

— Si utawekwa zamu ya kutazama taa za meli? Nyekundu upande huu, kijani upande huu. Ukizikosa, meli mbili zinavaana.

— Ukifungua mdomo, Salme, mimi na wewe basi.

Nesi akamwita Ihsan. Daktari Florence alikuwa keshafungua kitabu ukurasa wa kwanza. Salme akasimama mlangoni.

— Daktari, samahani. Mfungulie katikati.

Ihsan alimtazama kama hamjui. Akafunguliwa katikati. Akasema nane, akasema tano, zote makosa.

Salme alirudi Mishomoroni peke yake. Ujumbe ukaingia: "Umenizamisha hata maji sijayakanyaga. Usinitafute."

Akajibu: "Bora unichukie ukiwa hai."

Siku tatu simu kimya. Mamake akimuuliza habari za harusi, husema kichwa chamuuma.

Ya nne, alasiri, ikaja hodi. Alikuwa Ihsan, bahasha mkono huu, kifurushi mkono huu. Akabaki kizingitini. Alieleza kuwa daktari alimwita tena, akamuuliza ajua kazi gani nyingine. Naye akamwambia amepika biriani za maharusi Magongo tangu ujanani. Basi cheti kimeandikwa: zamu ya kutazama taa asipewe kabisa, jikoni melini ruhusa.

— Nimemwonyesha baba yako. Hakukataa. Lakini wewe, ulijua tangu lini?

— Kitendawili.

— Tega.

— Aliniletea moto akidhani ni majani. Nikauvaa miaka miwili, sikuungua.

Ihsan akaiangalia leso kiunoni mwa Salme.

— Kumbe hii si kijani. Na hukuniambia.

— Rangi niliiona, sababu ndiyo sikuijua. Nawe uliileta kwa furaha.

Ihsan akamnyooshea kifurushi.

— Safari hii nimeuliza watu watatu dukani. Wote wameapa.

Salme akafungua. Ilikuwa leso, kijani kama kisamvu. Akaifunga juu ya ile nyekundu, ndipo akamwambia apite ndani.