Chupa Niliyosema Nimeionja

Kila Jumamosi asubuhi, nikishaosha vyombo na kufagia uwanja, mimi na bibi yangu tulikwenda dukani kuonja sosi. Msicheke. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, na Bibi aliifanya kwa miaka kumi na mitano. Rafu ya tatu ya duka lile kubwa ilijaa chupa za mdomo mpana, zenye sosi nzito ya nyanya, vitunguu na pilipili. Kwa nje zote zilivutia. Kwa ndani, nyingine zilikuwa pole kama uji wa mgonjwa, na nyingine zingemtoa machozi hata askari. Bibi alionja kila mzigo mpya ulioingia, kisha akaandika kadi ndogo ya kubandika rafuni, ili mnunuzi ajue anabeba nini.

Kwenye kadi alichora pilipili nyekundu, moja hadi tano, kuonyesha ukali. Chini yake aliandika ladha kwa maneno machache: "Kali, lakini ina adabu." Au: "Hii inachelewa kuuma, usijidanganye." Wateja walimwita Bibi Kijiko. Niliwaona watu wazima wakisimama mbele ya rafu na kuulizana, "Bibi Kijiko kasemaje?" Mimi nilivimba kichwa kana kwamba wameniuliza mimi.

Meza yake ilikuwa stoo, nyuma ya duka. Alizipanga chupa kuanzia ile pole hadi ile kali, kwa sababu ukianza na kali ulimi unakufa ganzi, na zote zinazofuata utaziona sawa. Kila chupa ilikuwa na kijiko chake cha mti. Baada ya kuonja alihesabu kimyakimya hadi sitini, maana ukali mwingine hujificha kooni, halafu akala kipande cha kiazi cha kuchemsha na kunywa funda la maziwa.

"Ukali unapiga kelele, ladha inaongea taratibu," aliniambia. "Mtu akisikia kelele tu, huyo hajaonja."

Nilipokuwa darasa la sita, Bibi aliugua homa kwa wiki mbili. Alipona, akarudi kazini. Jumamosi ile ya kwanza nilimwona amekaa na kijiko mdomoni muda mrefu, machozi yakimtoka. Nikadhani ni pilipili.

"Njoo uonje hii," alininong'oneza. "Niambie ina nini."

"Ina ndimu, Bibi. Na kitunguu saumu kingi."

Akaandika vilevile nilivyosema. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo aliponieleza. Homa ilikuwa imeondoka na harufu zote.

"Ukali nausikia, unaniunguza kama zamani. Lakini ladha, mjukuu wangu, hakuna. Nile sosi, nile gazeti, kwangu ni mamoja." Alicheka kidogo, kisha uso ukasawijika. "Usimwambie mtu. Kazi hii ndiyo inayotulisha. Halafu nikiiacha, mimi nitakuwa nani?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikamwahidi kwamba sitasema. Kwa miezi mitatu yeye akapima ukali, mimi nikapima ladha, na hakuna aliyetushtukia. Nakiri kwamba nilifurahia siri ile. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha ikaja Jumamosi ya fainali ya netiboli dhidi ya shule ya jirani. Mimi ndiye niliyekuwa mfungaji. Siku hiyo mezani kulikuwa na chupa kumi na mbili. Nilipomaliza ya nane, midomo ilikuwa inawaka na masikio yanavuma. Rafiki yangu, tuliyemwita Kicheko, akachungulia dirishani.

"Wewe! Wenzako wameshavaa! Unalamba nini huko?"

"Nakuja!"

Chupa ya tisa ilikuwa ya sosi ya kijani. Kifuniko chake kilikuwa kimevimba katikati. Mimi nilikiona. Bibi, ambaye macho yake nayo yalikuwa yamechoka, hakukiona. Alipokizungusha, chupa ilitoa pumzi, fyuu, na vipovu vikapanda juu. Akaonja, akahesabu.

"Pilipili moja tu," alisema. "Ladha je?"

Niligusisha kijiko mdomoni, sikukiingiza. "Ni ileile ya mwezi uliopita, Bibi. Ndimu na giligilani. Safi kabisa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Bibi."

Zile tatu zilizobaki nazo nilizitaja kwa kukumbuka tu. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu, nilimwona Bibi akiandika kadi ya chupa ya kijani kwa mwandiko wake mzuri wa polepole: "Ndimu safi. Hata watoto wataipenda." Niliisoma kadi ile, nikatoka mbio. Tulishinda mechi, na wenzangu wakanibeba juu.

Jumapili Bibi alishindwa kuamka. Tumbo lilimsokota, akasema labda ile homa inataka kurudi. Jumatatu, nikitoka shule, niliona mlango wa fundi cherehani, jirani yetu wa mbele, umefungwa. Haikuwa kawaida. Mashine yake ilinguruma kuanzia asubuhi hadi jioni, na binti yake wa miaka mitano alikaa kizingitini akicheza na vitambaa. Nikamuuliza jirani mwingine kulikoni.

"Yule mtoto amelazwa," alisema. "Ametapika tangu jana, hata maji hayakai. Alikula viazi na sosi ya chupa, ile ya kijani."

Niliingia ndani nikapiga magoti kando ya kitanda cha Bibi, nikasema yote, bila kupumua: kifuniko, vipovu, kijiko ambacho sikukiingiza mdomoni, mechi. Nilitegemea atanipiga. Afadhali angenipiga. Badala yake akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

"Twende dukani."

"Bibi, unaumwa."

"Chupa bado ziko rafuni."

Dukani kulikuwa na watu wengi. Mwenye duka, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, alikuja kwa tabasamu. "Shikamoo, Bibi Kijiko. Mbona leo Jumatatu?"

"Marahaba. Toa chupa zote za kijani. Zimeharibika."

Alifungua moja, akanusa, akageuza uso haraka. "Lakini kadi umeiandika wewe mwenyewe."

"Ni mimi nili—" nilianza. Bibi alinibana mkono.

"Nimeiandika bila kujua," alisema, kwa sauti ambayo duka zima liliisikia. "Ni miezi mitatu sasa sisikii harufu wala ladha. Nimekuwa nikimtumia mtoto anionjee, na watu wote hawa nikawaficha."

Mama mmoja akatoa chupa kwenye kikapu chake na kuirudisha rafuni bila kututazama. Bibi alianza kubandua kadi zake, moja baada ya nyingine. Alizibandua zote, hata zile za miaka ya nyuma ambazo kila neno lake lilikuwa kweli.

"Kwa nini hukuniambia?" mwenye duka aliuliza. "Tungeweza kutafuta njia."

"Niliogopa, mwanangu."

Mwenye duka alijifuta paji la uso. "Siwezi kukurudisha kwenye meza ile, mama."

"Najua."

Mwenye duka aliwapigia simu wateja aliowafahamu, na akawatuma wafanyakazi wake kwenye nyumba za mtaa ule. Kufikia jioni chupa karibu zote za kijani zilikuwa zimerudi, zikamwagwa. Hakuna mwingine aliyeugua.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Mtoto alikuwa amelala, mpira wa dripu mkononi, lakini alikuwa ameanza kunywa maji na daktari alisema atapona. Nilimwomba fundi cherehani msamaha. Nilirudia tu kusema, "Nisamehe, nisamehe."

Aliendelea kukunja kanga ya mtoto, akaikunjua, akaikunja tena.

"Alikuwa hataki kula," alisema mwishowe. "Alisema inanuka. Mimi nikamwambia, kula mama, Bibi Kijiko amesema watoto wataipenda." Akanitazama. "Nimekusamehe. Lakini ile sauti yangu nikimlazimisha, sijui nitaisahau lini."

Muuguzi alipomsikia Bibi akieleza habari ya pua yake, alimpeleka kwa daktari. Alitoka baada ya nusu saa, akaketi kando yangu kwenye benchi la ukumbini.

"Kasemaje, Bibi?"

"Kuna mazoezi ya kunusa. Nilipaswa kuanza mapema, kabla sijapoteza miezi yote hii. Huenda ladha ikarudi, huenda isirudi."

Nililia, mbele ya wagonjwa wote. Nilisema kosa lote ni langu, kwamba nimemharibia jina na kazi. Bibi aliniacha nilie mpaka nikapunguza, kisha akanifuta kamasi kwa ncha ya mtandio wake.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Kosa lako ni lako, silipunguzi. Ulisema umeonja nawe hujaonja, na mtoto wa watu akalazwa. Siku nyingine, kama hujui, sema hujui, hata kama uwanja mzima unakuita. Lakini wewe ulidanganya asubuhi moja. Mimi nimedanganya miezi mitatu, tena nikakuketisha kando yangu utazame. Homa ilinichukulia ladha, basi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha mjukuu wangu kwamba kadi inaweza kusema lolote, ilimradi imeandikwa vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kazi."

Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi akilia waziwazi kabla ya siku ile. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo hadi muuguzi alipokuja kutuambia kwamba mtoto ameamka na anaomba chakula.