Kadi ya Kamera ya Kweyu

Nisikilizeni, majirani, na mkichoka mniambie, lakini nitasema. Jumapili asubuhi pale kwetu Kayole palikuwa pazuri. Waendao kanisani walikuwa wakipiga pasi, Kibibi, mke wa Twalib mwenye duka, alikuwa akikaanga mahamri mlangoni, na Kweyu wa kiwanda cha magodoro alikuwa amesimama barabarani na kamera yake, akipiga picha majumba.

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake. Wengine hunywa, wengine hubeti mpira. Yeye alipiga picha kuta, ngazi, na mabati yakishikwa na jua. Kwa miaka sita alisimama pale pale kila mwezi, kisha akatuonyesha. "Oneni, hapa Baba Hikma alikuwa na chumba kimoja. Sasa ana duka na vyumba vitatu." Twalib, huyo Baba Hikma mwenyewe, alikuwa akicheka.

Kisha mtaa wa pili ukapakwa alama nyekundu za X, na baada ya wiki tatu tingatinga likaja kuubomoa. Hapo ndipo macho yetu yalipobadilika. Nani hupiga picha nyumba za watu bila kutumwa? Twalib aliuliza swali hilo dukani, nasi tukalijibu kwa uongo. Mmoja alidai amemwona Kweyu akipanda gari la vioo vyeusi. Mimi, Mungu anisamehe, nilisema nimemsikia kwenye simu akitaja ploti, yaani viwanja. Kwani Kayole nani hataji ploti?

Jumapili iliyofuata tulimzingira.

"Niaje, majirani?" akasema.

"Picha hizi unampelekea nani?" Twalib akamuuliza.

"Simpelekei mtu, Baba Hikma. Napenda tu majumba."

"Anapenda tu majumba," Twalib akatuambia. "Mtu mzima na akili zake. Toa kadi."

Kibibi akamshika mumewe mkono. "Baba Hikma, huyu ni jirani. Muulize kwa upole."

Hakumsikia. Kweyu akaitoa kadi ya kamera, akasema picha zote za miaka sita zimo humo na hana nakala. Twalib akaikata vipande viwili kwa mkasi wa dukani. Tukapiga makofi. Wiki ile ile Kweyu akahamia mtaa wa Tassia.

Haikupita miezi minne, tajiri mmoja tusiyemjua akaja na karatasi. Alidai ardhi ni yake, tena ilikuwa tupu hadi mwaka jana tulipoivamia. Mahakamani hakimu alitaka jambo moja: ushahidi kwamba nyumba zetu zilikuwepo miaka ya nyuma. Karatasi zetu zilikuwa na mhuri wa kikundi kilichotugawia viwanja tu, na mwenyekiti wake aliyeupiga alishafariki.

"Hata picha hamna?" hakimu akauliza.

Kibibi akamgeukia mumewe. Twalib akainamisha kichwa. Nami nilitamani ardhi ile ile tuliyokuwa tukiigombania inimeze.

Tulishindwa. Tingatinga lilianza na duka. Kweyu aliposikia alikuja, akamkuta Twalib ameketi juu ya gunia la mchele kando ya barabara.

"Nilikukosea, mwanangu," Twalib akamwambia. "Tupige picha, watoto wajue tulikuwa hapa."

Kamera Kweyu alikuwa ameshaiuza. Akatoa simu, akaupiga picha ukuta mmoja uliobaki, Kibibi akiwa amesimama mbele yake. Ilikuwa picha nzuri, na haikutusaidia kitu. Leo Twalib, Kibibi na watoto wao, watu watano, wanalala chumba kimoja cha kupanga, na Hikma ameacha shule.

Funzo

Usimhukumu mtu kwa sababu huelewi anachokipenda. Muulize, kisha umsikilize, maana kuuliza bila kusikiliza ni kupiga kelele tu. Na uongo mdogo wa dukani, kama ule wangu, huvunja nyumba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tukakimbilia kuichana nguo. Sasa tuko uchi, na aliyetula wala hakuwa jirani yetu.