Injini Isiyotaka Kutoka

Magharibi ilikuwa imeingia binti fundi waliyemwita Spana aliporudi gereji kuchukua futi. Futi tu, basi. Alitaka kupima mdomo wa boneti aone kama injini ya dizeli aliyoitoa kwenye gari bovu la mizigo ingeenea. Lakini mkono wa fundi haujui kupita bolti ukaiacha. Kabla hajajitambua, alishafungua bolti zote za injini ya zamani, cheni iko juu, ndoano imeshika.

Gari lililosubiri injini hiyo lilikuwa la marehemu baba yake. Lilizimika miaka mitatu iliyopita, wiki ileile miguu ya mama ilipokufa ganzi. Hospitali walipima mpaka wakachoka. Tangu hapo mama alilala chumba cha nyuma, ukuta kwa ukuta na gereji, na dunia yake ikawa dirisha moja. Spana aliapa: atakata bodi nyuma, atanyanyua paa ili kiti cha magurudumu kiingie, ampeleke mama kwa dada zake akaishi huko. Injini ndogo ya petroli ingeingia bila kukata chochote, ila milimani ingelia. Dizeli nzito, inataka springi mpya na kuchomelea kwingi, lakini ingefika. Na kufika ndiko alikokutaka. Yeye mwenyewe alishapata kazi gereji za mbali mara mbili, na mara zote mbili homa ilimrudisha kabla ya wiki ya pili.

Mpinzani wake alikuwa baba mdogo, mwenye gereji, aliyemfundisha kazi tangu akiwa hawezi kuinua jeki.

"Bodi kata utakavyo," alikuwa akisema. "Fanya pikapu, fanya jeneza, shauri yako. Injini iache. Tutaifufua."

"Tumeifufua mara nne, ba'mdogo. Maiti gani huyu asiyekubali kuzikwa?"

Spana akavuta cheni.

Kra... kra... kra...

Injini ikapanda shubiri moja. Ikatoka harufu. Si ya oili. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele, yale ya mama.

Na nyuma ya ukuta, sauti ndogo ikaita.

"Mwanangu... nani ananinyanyua?"

Spana alikimbia. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala chali, macho kodo, na shuka limening'inia pande zote mbili.

Mgongo wake haukugusa godoro.

Shubiri moja.

Aliporudi gereji, baba mdogo alikuwa amesimama pale, mkono kwenye cheni. Hakushangaa hata kidogo, na hapo ndipo Spana alipojua.

"Shusha," mzee alinong'ona. "Rudisha ilipokuwa. Atalala vizuri."

"Umemfanya nini mama yangu?"

Yule mzee akautazama ukuta. "Kaka alipofariki, shemeji alifunga mizigo. Nilitaka asiondoke tu. Sikusema asitembee... mimi hilo sikulisema."

"Ulimwambia nani?"

Mzee akakaza vidole kwenye cheni.

Spana alihisi hasira inampanda mpaka kwenye meno. Miaka mitatu amembeba mama bafuni mgongoni, na huyu anampa pole kila asubuhi! Akambandua vidole kwenye cheni kimoja kimoja. Akaingia chini, akafungua sampo, bakuli la oili ambako ile harufu ilitoka. Oili ikamwagika, nyeusi, baridi. Ndani kulikuwa na kifurushi.

Kikavu.

Kilifungwa kwa waya uliosokotwa kwa mkono wa kushoto, ncha imekunjwa ndani. Spana aliujua ule usokotaji. Mtu mmoja tu aliufanya hivyo, na alimfundisha yeye vilevile: ncha ifiche, isimchome mwenzako. Vipande viwili vya kitambaa vilionekana. Kimoja cha gauni la mama, lile la maua. Kingine cha buluu, cha ovaroli ya Spana mwenyewe.

Homa mbili. Kumbe.

"Usikate," baba mdogo alilia sasa. "Kikikosa mtu, kitatafuta mtu."

"Kikutafute wewe. Mnajuana."

Akachukua koleo, akakata waya. Ta.

Ta.

Puu, godoro nyuma ya ukuta. Kisha miguu mitupu ikaanza kuburuta sakafuni, polepole, ikisimama, ikija. Mama akatokea mlangoni ameshika fremu, anatetemeka. Hakumtazama binti yake.

"Shemeji," alisema. "Mimi nilikukosea nini?"

Baba mdogo alikaa kwenye stuli.

Siku zilizofuata dizeli iliingia. Paa nalo likanyanyuliwa, ingawa mama alicheka. "La nini sasa, na natembea?"

"La kusimama, mama. Umelala sana."

Siku ya kuondoka, baba mdogo aliwapungia mkono akiwa kwenye stuli ileile, kando ya injini ya zamani. Alisema amechoka tu. Lakini tangu jioni ile hakuna aliyemwona akiinuka. Spana alipopita aliigusa ile injini, isiyo na betri wala tone la mafuta.

Ilikuwa ya moto.

Walifika mlima wa kwanza jua likizama. Dizeli ikavuta vizuri, bila kulalamika. Ndipo nyuma, chini ya paa jipya, kitu kikagonga, kama kinachotafuta mtu.

Ngo... ngo.

Walitazamana. Hakuna aliyegeuka.

"Kaza mwendo, mwanangu," mama alisema, akanyoosha miguu yake.

Spana akakanyaga mafuta.