Miche ya Mama na Maji ya Kisima

Kila siku akitoka shule, Chiriku, kama walivyomwita nyumbani kwa kupenda maneno, alimwagilia miche arobaini ya komamanga iliyooteshwa kwenye mifuko nyuma ya nyumba. Mbegu zake zilipandwa na mama yake, miezi miwili kabla ya kufariki.

Kisima chao kilikuwa kimeingia chumvi. "Miche tuizoeshe taratibu, mwanangu," baba alimweleza. "Ndoo tatu za maji ya bomba, moja ya kisima. Mwezi ujao tutaongeza kidogo yale ya kisima."

Bomba lilikuwa mbali na foleni haiishi. Wiki moja Chiriku alichoka, akamwagilia maji ya kisima matupu.

"Umechanganya?" baba aliuliza kila jioni.

"Ndiyo, baba."

Siku ya sita ncha za majani ziligeuka kahawia, kama zimebabuliwa na moto. Baba alidhani ni wadudu, akamwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo. Yule mama alikwangua ukoko mweupe juu ya udongo.

"Hii ni chumvi. Mnamwagilia maji gani?"

"Tunachanganya," baba alijibu. "Binti yangu hanidanganyi."

Maneno yale yalimchoma Chiriku moyoni. "Nilikudanganya, baba," alisema, akalia kwa kwikwi.

Baba hakugomba. Alichuchumaa, akashika jani moja lililokauka.

Bibi shamba aliwaelekeza. Wakasuuza udongo wa kila mfuko kwa maji mengi ya bomba, chumvi ikatoka kupitia matundu ya chini. Wakatandaza nyasi kavu juu ili udongo usikauke upesi, kisha wakaanza upya kuchanganya. Hata hivyo, miche ishirini na tisa ilikufa. Chiriku aliing'oa mmoja mmoja kwa mikono yake.

Kumi na mmoja ilichipua. Baada ya miezi mitatu ilikunywa maji nusu kwa nusu bila kuungua.

"Mama angenikasirikia?" Chiriku aliuliza.

"Angesikitika, kama mimi," baba alisema. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningebeba ndoo mwenyewe. Lakini ulinificha, na miche ikanywa chumvi siku sita. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."